Walimtoa Mdogo

Baba yangu alizikwa akinuka oili ya gia. Walimwosha mochari, wakamwosha tena nyumbani, Mama akampaka losheni yake mwenyewe ya maua, lakini jeneza lilipofunguliwa nami nikainama kumuaga, kilichoniingia puani ni karakana. Joyce, dada yangu mkubwa, alilia mpaka akashikwa mabega. Mimi sikulia. Nilisimama pale, mwanamke mzima wa ofisi mjini, viatu vya bei miguuni, na kilichonishika ni woga wa mtoto aliyeharibu kitu na anangoja kuitwa.

Wiki iliyofuata tuligawana vitu vyake, na havikuwa vingi. Joyce alichukua spana, mimi nikachukua kitabu. Ni kitabu cha jalada gumu jekundu, kurasa zimeshikana kwa mafuta ya vidole, na kinaeleza historia ya kiwanda kimoja cha pikipiki huko Italia. Nyumbani hatukukiita kwa jina lake. Tulikiita Kiwanda, basi, kana kwamba duniani hakuna kingine. Hakuna mtu kwetu aliyejua neno hata moja la Kitaliano, na hata hivyo tulikisoma kila Jumapili ya utoto wetu.

Siku hizi simu inajua lugha zote. Niliketi kitandani kwangu Kileleshwa, nikaelekeza kamera kwenye ukurasa wa sita, ule uliotuharibu, na maneno yakanijia kwa Kiswahili kibovu lakini cha kueleweka: ndugu wawili wakubwa mbele ya jengo jipya, picha imepigwa na ndugu yao mdogo, aliyechora injini zote za kiwanda mpaka kifo chake. Nilisoma mara mbili. Kisha niliweka simu chini nikakaa hapo mpaka chai ikafanya utando.

Ili mnielewe lazima nianzie mtaani Riruta. Tuliishi kwenye ploti ya mabati, vyumba kumi na viwili vikitazamana, bomba moja, na mbele kabisa, upande wa barabara ya Naivasha, Baba alikuwa na banda la kutengeneza pikipiki. Alikuwa ametoka kijijini, Maragoli, akiwa kijana, akajifunza ufundi kwa kupigwa vibao. Pikipiki za watu wa boda alizitengeneza kama mtu anavyoosha vyombo, bila kuziangalia. Kilichokuwa na macho yake kilikuwa nyuma ya banda chini ya turubai: pikipiki nyekundu ya Kiwanda, ambayo ilikuwa haijawahi kuwaka tangu tuipate.

Mama alikuwa akifanya kazi ya nyumba Lavington, mtaa wa matajiri, kwa mhandisi mmoja Mtaliano. Kandarasi yake ilipoisha, mzungu huyo alimwachia Mama sufuria tano na pazia, naye Baba akaachiwa pikipiki mfu pamoja na kitabu. Siku ya kuagana alimketisha Baba kwenye ngazi za jikoni, akamweleza historia yote ya Kiwanda kwa Kiswahili cha kuungaunga na mikono mingi. Baba alishika alichoshika. Kilichobaki alikijaza mwenyewe kwa kuangalia picha.

Hivyo ndivyo kulivyozaliwa desturi ya nyumba yetu. Jumapili tukitoka kanisani, kabla ya Mama kupakua, Baba alinawa mikono kwa sabuni ya unga, akafungua kitabu mezani, nasi tukasimama mbele yake kama watoto wa katekisimu. Aliuliza, tukajibu. Nani alijenga Kiwanda? Ndugu watatu, kwenye kibanda kando ya mto, mahali milima ina theluji. Walianza na nini? Mashine za kukamua zabibu. Kisha? Injini ndogo ya kufunga kwenye baiskeli. Nini kiliangusha Kiwanda? Vita; ndege zilidondosha mabomu, paa likalala chini. Ukurasa wa nne ulikuwa na picha ya ndugu watatu wamesimama kwenye vifusi, suti zao zimejaa vumbi. Ukurasa wa tano, pikipiki imepinduka kwenye mashindano. Ukurasa wa sita, jengo jipya, pikipiki mia zimepangwa mstari, na mbele yake ndugu wawili tu.

"Kiwanda kilisimama aje tena?" Baba aliuliza.

"Walimtoa mdogo," tulijibu.

Hilo ndilo jibu alilolipenda. Alituelezea kwamba yule mdogo ndiye aliyepindua pikipiki, kwamba alikuwa na mkono wa kuharibu, na kwamba wakubwa walikaa wakaamua, kwa uchungu, kumwondoa. Ona sasa, alisema, akigonga ukurasa wa sita kwa kucha nyeusi. Walipomtoa tu, pikipiki mia. Nyumba ni kiwanda, alisema. Mtu mmoja akiwa mkosi, wote wanalala njaa. Sijui kama alidanganya au aliamini. Nadhani aliona watu wawili mahali palipokuwa na watu watatu, na kwa maisha aliyoishi aliona maelezo ni moja tu.

Kutoka hapo tukapata tishio la nyumbani. Watoto wengine walitishwa kwa mwiko. Sisi, tukimwaga maziwa au kupoteza soksi, tuliambiwa: "Tutakutoa kwa picha." Baba aliisema akicheka, na majirani walicheka pia. Mimi sikuona cha kuchekesha. Joyce hangeweza kutolewa. Alipewa jina la nyanya, mamake Baba, kwa hivyo Baba mwenyewe alimwita mama. Nikihesabu waliobaki, nilibaki mimi. Na nilikuwa na mkono wa kuharibu kweli. Nilivunja, nilimwaga, nilikanyaga.

Kisha akaja Linet. Alikuwa mtoto wa marehemu dadake Mama, mwenye miaka mitano, kichwa kikubwa, miguu myembamba kama ya kuku. Alilala nami kitanda kimoja, kichwa chake upande wa miguu yangu. Nilimpokea kwa furaha ambayo Mama aliisifia mbele ya majirani. Hawakujua sababu. Nilikuwa nimepata mdogo.

Hesabu yangu ilikuwa na kosa. Linet hakuharibu kitu. Alikuwa na sikio. Alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa mlangoni mwa banda, na pikipiki ikikaribia kutoka barabarani alimwambia Baba inaumwa nini kabla haijasimama. "Hiyo mnyororo imelegea, Baba Joyce." Ndivyo alivyomwita, kama majirani walivyomwita. "Hiyo inakula oili." Baba alicheka mara ya kwanza, mara ya tatu akaacha kucheka, akaanza kumwita afike karibu. Alimpa kushika tochi, kisha kuosha plagi, na mwishowe kugusa ile nyekundu, ambayo mimi, mtoto wake wa kumzaa, sikuruhusiwa hata kuifunika turubai. Siku moja alinituma nipeleke bakuli la kabureta lililooshwa, hatua kumi tu. Nililiangusha kwenye kokoto likapasuka. Baba alitafuta lingine miezi minne. Hakunipiga. Alinitazama, akamwambia Linet bila hata kushusha sauti, "Unaona? Ndugu mdogo wetu ndiye huyu."

Wenzangu, mnajua uchungu wa mtoto ulivyo. Mtu mzima akiumizwa husema ameumizwa. Mtoto huenda kutafuta wa kumrushia.

Linet alipofika miaka saba nami tisa, pikipiki ilikuwa karibu. Habari zilifika Lavington, kwa wakili mmoja mstaafu, mzee aliyezaliwa huko huko kabla jiji halijafika. Alikuwa na pikipiki mbili za Kiwanda hicho hicho gerejini kwake, zimelala, na hakuwa amepata fundi wa kuziamsha. Alimwambia Mama, aliyekuwa sasa akifua kwa jirani yake, kwamba atakuja Jumamosi aone. Ikiwaka mbele ya macho yake, Baba atakuwa fundi wake wa kudumu, na nyuma ya nyumba kulikuwa na vyumba viwili vya matofali vyenye choo ndani. Kwa wiki nzima Mama alitamka maneno hayo, choo ndani, kama mtu anayesali.

Kila mtu alikuwa na furaha isipokuwa mimi. Mimi nilikuwa nimekariri historia. Pikipiki mia haziji hivi hivi. Kabla ya ukurasa wa sita lazima mtu atoke, na kwetu hakuna aliyekuwa ametoka, na siku ilikuwa inakaribia. Nililala nikiwaza ni nani. Nilijua jibu la Baba, kwa kuwa alikuwa amelisema waziwazi juu ya lile bakuli. Sikumchukia Linet kwa namna watu wanavyofikiri. Nilitaka tu awe yeye.

Jumamosi asubuhi Baba alimpa Linet heshima kubwa: kumimina petroli tangini kupitia faneli yenye kitambaa, polepole, asimwage tone. Alifanya kama anayemlisha mtoto mchanga. Baba akaenda kuvaa suti yake ya kanisani. Linet akaenda kunawa. Nikachukua mkebe wa unga wa ugali jikoni, nikafungua kifuniko cha tangi, nikamimina konzi tatu. Nakumbuka nikipuliza ule uliomwagika juu ya rangi nyekundu ili pabaki safi, na nikajisikia mtoto mwangalifu kwa mara ya kwanza.

Wakili alikuja na fimbo na dereva. Ploti nzima ilitoka nje. Baba alitoa turubai, watu wakaguna kwa jinsi ilivyong'aa, akapanda, akapiga kiki. Ikakohoa. Akapiga tena, ikakohoa mara mbili, ikanyamaza. Akapiga mpaka jasho likapenya suti mgongoni. Mtu mmoja nyuma akasema, "Fundi, iombee kwanza," watu wakacheka, na kicheko kikapata miguu kikazunguka ploti. Linet alikuwa amesimama karibu na tangi, kichwa kimeinama. "Haipati mafuta," alisema kwa sauti ndogo. "Baba Joyce, haipati mafuta." Baba alimwambia anyamaze.

Wakili alingoja kwa adabu, kisha akatazama saa. "Fundi, mimi sitasema ni uongo," alisema. "Lakini ikikubali, si utatuma mtu aniambie. Sawa?" Akaenda. Watu nao wakatawanyika, wengine wakiiga kile kikohozi.

Baba alifungua bomba la tangi. Kilichotoka kilikuwa cheupe, kizito kama uji. Alikitazama kidoleni kwa muda mrefu, akakionja. Kisha alituita ndani, sote watatu, akafunga mlango, akaketi mezani na kitabu.

"Nani aliweka unga?"

Joyce aliapa kwa Mungu. Linet alinyamaza. Mimi ndiye niliyekuwa na maneno tayari, nimeyapanga tangu alfajiri. "Nilimwona Linet akicheza kalongolongo hapo kwa pikipiki," nilisema. "Alikuwa anapika."

Kila mtoto wa ploti ile alijua kwamba Linet hakuwahi kucheza kalongolongo, mchezo wetu wa kuiga nyumba na mapishi, maishani mwake. Tulimcheka kwa hilo. Ukimpa jukumu la kupika, alikwenda zake bandani. Baba alijua kuliko wote. Aligeuka akanitazama, macho yakashuka polepole mpaka kwenye pindo la rinda langu, nami nikatazama anapotazama, nikaona unga. Ulikuwa mweupe kabisa kwenye kitambaa cha buluu. Akarudisha macho usoni kwangu. Nilimwona akiona. Halafu nilimwona akichagua, na hilo ndilo sikuwahi kumwambia mtu yeyote, hata Joyce. Ni rahisi kupoteza mtoto wa shemeji kuliko kukubali kwamba wa kwako ana roho ya namna hiyo.

"Linet," alisema. "Simama hapa. Nani alijenga Kiwanda?"

Ilikuwa Jumamosi, si siku ya somo, lakini Linet alisimama wima, mikono nyuma, kama tulivyofundishwa. "Ndugu watatu, kwa kibanda kando ya mto."

"Nini kiliangusha Kiwanda?"

"Vita."

"Kilisimama aje tena?"

Hapo akanitazama mimi. Hakunitazama kwa hasira. Alinitazama kama anayesikiliza pikipiki ya mbali. "Walimtoa mdogo," alisema.

"Basi," Baba akafunga kitabu.

Mama alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni na kitambaa cha sahani mkononi. "Baba Joyce, huyu ni mtoto wa dada yangu."

"Najua ni wa nani. Ndiyo nasema aende kwao."

Kwao kulikuwa kwa mjomba wetu, kaka yake Mama, aliyekuwa na watoto wanane na ng'ombe, na ambaye siku ya mazishi ya dadake alisema wazi mbele ya watu kwamba hana nafasi. Nafasi ikapatikana, maana sasa mtoto alikuwa amefika umri wa kuchota maji. Jumapili mchana Mama alimketisha Linet katikati ya magoti yake, akamsuka vizuri kuliko alivyowahi kutusuka. Matone yalikuwa yakidondoka kwenye mistari ya kichwa. Nilidhani ni mafuta ya nywele, nikaona wivu kwamba anapakwa mengi. Jumatatu asubuhi Mama alimpeleka mjini kwenye basi, nguo zake kwenye mfuko mmoja wa plastiki. Kabla ya kutoka Linet alipita bandani. Baba alikuwa ameshusha tangi, analisuuza. Linet alinyosha mkono kuelekea injini.

"Usiguse," Baba alisema bila kuinua kichwa.

Akaurudisha mkono, akaenda.

Jumanne jioni pikipiki iliwaka. Baba alikuwa ameosha tangi, kabureta, mabomba, kila kitu, na iliwaka kiki ya pili. Watu wale wale waliocheka walipiga makofi. Baba alinishika makwapani akaniketisha mbele yake juu ya tangi, mimi, mwenye mkono wa kuharibu, tukaenda mpaka madukani na kurudi, watoto wakitukimbilia nyuma. Sitawadanganya. Nimeolewa, nimezaa, nimepandishwa cheo, na sijawahi kuwa na furaha kama ile. Nilijua kwa hakika kwamba Baba alijua nilichofanya, na alikuwa amenibeba.

Wakili aliitwa, akaja, akashika mkono wa Baba kwa mikono yake miwili. Kabla mwezi kwisha tulikuwa Lavington nyuma ya ukuta wenye maua, vyumba viwili vya matofali, choo ndani. Tulihamia shule yenye maktaba. Hesabu ilijibu vile vile nilivyotarajia. Walimtoa mdogo, zikaja pikipiki mia. Mngekuwa mimi mngeamini pia. Niliamini miaka mingi, mpaka kazini, ambako nimewaondoa watu wawili watatu kwenye picha kwa utulivu ambao wakubwa wangu waliusifu. Baba, kwa upande wake, hakutusomea kitabu tena baada ya kuhama. Alisema tumekua. Jioni nyingine nilimkuta gerejini kwa wakili amekiweka mapajani bila kukifungua.

Na Kiwanda chenyewe? Nimetafuta mtandaoni baada ya usiku ule wa simu. Mdogo alipokufa, wakubwa walizeeka bila mtu wa kuchora injini. Wakauza. Aliyenunua akauza. Wafanyakazi waliketi mbele ya lango siku nyingi, kisha lango likafungwa, na leo limebaki jina tu, linabandikwa kwenye pikipiki zinazoundwa kwingine na watu wasioujua ule mto.

Nilimpigia Joyce nikamuuliza kama anaweza kujua Linet aliko. "Namba yake nimekuwa nayo siku zote," alisema. "Si wewe ndiyo hukuwahi kuuliza."

"Yuko wapi?"

"Anafanya kazi ya nyumba. Huko tu kwenu Kileleshwa. Na Edna, alikuja mazishi ya Baba. Alikuwa nyuma na wamama wa sufuria. Ulimpa sahani yako aoshe."

Jumapili ndiyo siku yake ya mapumziko. Tulikutana nje ya lango la magorofa anakofanya kazi, dakika kumi kwa miguu kutoka kwangu, kwenye benchi la askari wa lango, ambaye alitupisha akaenda kusimama kando. Kichwa bado kilikuwa kikubwa. Mikono ilikuwa imechubuka kwa dawa za kufulia. Nilikuwa na kitabu mkobani, nimeweka kijikaratasi kwenye ukurasa wa sita, na hotuba niliyoifanyia mazoezi mbele ya kioo. Nilitoa nusu yake tu. Nikamwambia unga niliuweka mimi.

"Najua," alisema Linet. "Nilikuona. Nilikuwa nimesahau faneli nikarudi, nikakuona ukipuliza."

"Na mbona hukusema?"

"Ningesema nini sasa?" Alitazama viatu vyangu, kisha barabara. "Tulikuwa tunalala pamoja, Edna. Ulikuwa unaongea ukilala. Kila siku, msinitoe kwa picha, msinitoe. Mi nikaona huyu atakufa na woga. Na kitabu ilikuwa imesema lazima mtu atoke ndio ishike. Nikajiambia, ata kama ni mimi, wacha ishike. Baba Joyce alikuwa ameitaka sana."

Kitabu kilibaki mkobani. Ningemwonyeshaje mtu aliyeishi maisha yake yote juu ya ukurasa ule kwamba ukurasa haukusema hivyo?

"Nimekuwa nikitaka kuuliza Joyce, naona ni ujinga," aliendelea. "Ile pikipiki. Iliwaka?"

Niliona kwamba nina majibu mawili na hakuna la huruma kati yake. "Iliwaka," nilisema. "Jumanne. Siku moja tu baada ya wewe kwenda."

Uso wake ulifunguka. Sijui niuelezeje, ulikuwa uso wa mtu aliyelipwa. Alipiga goti lake kwa kiganja, akacheka taratibu, akatikisa kile kichwa. "Kumbe ilishika," alisema. "Kumbe ilishika, aki." Kisha akanisogelea, akainamisha sikio upande wangu, kama pale kwenye ndoo.

"Na ilikuwa inalia aje?"

Niliipanda miaka sita. Ilinipeleka shule, ilinirudisha, ilinguruma chini ya mapaja yangu asubuhi na jioni. Nilitafuta mlio wake kichwani, nikatafuta kweli, kwa nguvu zangu zote, naye Linet ameinama, anangoja, amefumba macho ili asikie vizuri.

"Kama pikipiki tu," nikamwambia.